Kuvua wolai kwa chambo cha plastiki laini: mwongozo wa hatua kwa hatua

Katika majimbo ya Minnesota, Wisconsin, Michigan na Ohio, na ng'ambo ya mpaka katika Ontario na Manitoba nchini Kanada, wolai (kwa Kiingereza walleye) ni miongoni mwa samaki wanaotafutwa zaidi kwa ajili ya chakula. Wanasayansi humwita Sander vitreus, na Minnesota ilimfanya kuwa samaki rasmi wa jimbo mwaka 1965. Mkenya, Mtanzania au Mkongomani aliyehamia sehemu hizo, hasa aliyekulia kando ya Ziwa Victoria au Tanganyika, mara nyingi anajua tayari kuvua kwa mshipi na chambo hai. Kilicho kigeni kwake ni chambo hiki bandia cha plastiki laini, chenye umbo la samaki mdogo na mkia mpana kama kasia, ambacho humvuta wolai kwa mwendo wake zaidi ya kitu kingine chochote.

Anayeanza huuliza kwanza rangi, na muuza duka humjibu kwa furaha kwa kuwa ana rangi nyingi za kumuuzia. Swali linalostahili kutangulia ni uzito wa kichwa cha ndoana, yaani donge la metali lililoshikamana na ndoana, kwa sababu uzito ndio unaoamua kina ambacho chambo kitapita na kasi ambayo mvuvi ataweza kukivuta, na wolai hukubali au hukataa kwa mambo hayo mawili kabla ya kuangalia lolote jingine. Kwa hiyo hatua zinazofuata hazina urefu sawa: zile zinazohusu uzito, kina na kasi zimepewa nafasi kubwa kuliko zinazohusu ununuzi.

Hatua ya 1: Mjue samaki mwenyewe

Wolai ana rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijani cha zeituni, tumbo jeupe, na mapezi mawili ya mgongoni, la kwanza likiwa na miiba mikali. Mwishoni mwa pezi hilo la kwanza kuna doa jeusi, na ncha ya chini ya mkia wake ni nyeupe. Alama hizo mbili humtofautisha na sauga, ndugu yake mdogo anayeishi naye katika mito na baadhi ya maziwa, ambaye hana weupe huo mkiani na ambaye pezi lake limejaa safu za madoadoa. Huko Ulaya yuko ndugu mwingine, Sander lucioperca, anayevuliwa sana Ujerumani, Uholanzi na Sweden kwa chambo cha namna hii hii, na msomaji aliyeko huko anaweza kutumia sehemu kubwa ya mwongozo huu bila kubadilisha kitu. Sangara wa Ziwa Victoria si wa ukoo huo, ingawa naye macho yake hung'aa yakimulikwa usiku.

Macho ndiyo ufunguo wa tabia ya wolai. Nyuma ya retina yake kuna utando unaorudisha mwanga, na utando huo humwezesha kuona vizuri katika mwanga hafifu ambamo samaki wadogo anaowala huona kwa shida. Ndiyo maana huwinda alfajiri, wakati wa machweo, usiku, siku za mawingu mazito, na pale upepo unapovunja uso wa ziwa na kupunguza miale inayopenya. Wavuvi wa Minnesota hufurahia upepo wa wastani unaopiga ufuko wenye mawe, wakati ambapo mgeni angefikiria kurudi nyumbani. Jua likiwa kali na ziwa likiwa tulivu, samaki huyu hushuka kwenye kina au huingia katika kivuli cha magugu maji, na hapo kazi ya mvuvi huongezeka.

Uwazi wa maji pia umebadilika katika maziwa mengi. Kome wadogo wenye milia, ambao asili yao ni kandokando ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, waliingia katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1980 na wakathibitishwa katika ziwa Mille Lacs la Minnesota mwaka 2005. Kome hao huchuja maji na kuyafanya yawe maangavu kuliko zamani, hivyo mwanga hupenya zaidi, na mahali ambapo wazee walivua mchana katika mita tatu huenda leo pakahitaji kuvuliwa usiku.

Hatua ya 2: Leseni na kanuni

Mtu mzima hawezi kuvua kihalali bila leseni. Minnesota na Ohio huitaka kwa kila mwenye umri wa miaka 16 au zaidi, na leseni hupatikana kwenye tovuti ya idara ya maliasili ya jimbo au katika maduka ya vifaa vya uvuvi. Pamoja na leseni, chukua kijitabu cha kanuni cha mwaka huo huo, usitegemee cha rafiki aliyekuja miaka mitatu kabla yako. Idadi ya wolai unaoruhusiwa kuwa nao, urefu wa chini au wa juu, na tarehe za kufunguliwa kwa msimu hutofautiana baina ya majimbo na hata baina ya ziwa na ziwa ndani ya jimbo moja. Minnesota, kwa mfano, hufungua msimu wa wolai katika maji yake mengi ya ndani mwezi Mei, baada ya samaki kumaliza kutaga, ilhali upande wa Ohio wa Ziwa Erie huvuliwa mwaka mzima.

Kuna kanuni mbili ambazo wageni huzikanyaga bila kujua. Ya kwanza inahusu metali ya risasi: baadhi ya majimbo, New Hampshire likiwamo, yamepiga marufuku vichwa vidogo vya ndoana vya risasi kwa sababu ndege wa majini huvimeza na kufa kwa sumu, hivyo huko hutumika vichwa vya tangsteni au bati. Ya pili inahusu samaki aliyenaswa ubavuni au mkiani. Katika mto Maumee huko Ohio, wakati wolai wanapopanda kutaga, samaki ambaye ndoana haikuingia ndani ya kinywa chake lazima arudishwe majini mara moja, na askari wa wanyamapori husimama kandokando ya mto kuhakikisha.

Hatua ya 3: Fimbo, rili na mshipi

Hapa hakuna haja ya gharama kubwa. Fimbo yenye urefu wa futi 6 na nusu hadi 7, yaani kama mita 2 hadi 2.1, yenye nguvu ya wastani na ncha inayopinda haraka, inatosha kwa karibu kila kitu kilichoelezwa hapa. Ncha hiyo ndiyo itakayokupa habari za chambo, kwa hiyo ukiwa na fedha za kuongeza mahali pamoja, ongeza kwenye fimbo na si kwenye rili. Rili ya kusimama (spinning) ya ukubwa wa 2500 inafaa, mradi breki yake iachie mshipi kwa ulaini.

Kwenye rili weka mshipi wa kusukwa wenye uwezo wa ratili 10, ambao ni mwembamba na haunyumbuki, kisha ufungie mbele yake kipande cha mshipi wa fluorokaboni, aina ya plastiki angavu, cha ratili 10 au 12, chenye urefu wa karibu mita moja. Mshipi wa kusukwa hupeleka mkononi mwako kila pigo la mkia wa chambo, na fluorokaboni huonekana kwa shida majini na huvumilia kukwaruzwa na mawe. Mshipi wa nailoni ulio mnene utakuvulia samaki pia, lakini hunyumbuka na kuficha habari ambazo njia hii yote inazitegemea. Ukivua penye paiki wengi, samaki warefu wenye meno makali, zoea kupoteza chambo. Meno ya wolai mara chache hukata fluorokaboni, ila paiki huikata kana kwamba haikuwapo.

Hatua ya 4: Kuchagua chambo

Ukubwa hufuata samaki wadogo ambao wolai anawala wakati huo. Katika majira ya kuchipua, maji yakiwa bado baridi, chambo cha inchi 3 hadi 3 na nusu hufanya kazi vizuri. Kuanzia katikati ya kiangazi hadi vuli, wakati watoto wa perchi, samaki mdogo wa ukoo wa wolai, na samaki wengine wa mwaka huo wamekua, panda hadi inchi 4 au 5, hasa katika maji makubwa kama Ziwa Erie au Lake of the Woods.

Ulaini una umuhimu kuliko watu wengi wanavyodhani. Bonyeza shina la mkia, pale linapoungana na mwili: likiwa jembamba na laini, mkia utapiga hata ukivutwa polepole sana, na hicho ndicho unachotaka katika maji ya chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Likiwa nene na gumu, mkia hautaamka mpaka uongeze kasi, jambo linalofaa kiangazi, kwani plastiki ngumu zaidi haichanwi upesi na perchi wadogo.

Kuhusu rangi, retina ya wolai ina aina mbili za chembe za kutambua rangi, moja ikihisi zaidi kijani na nyingine rangi ya machungwa inayoelekea wekundu. Katika maji yaliyotibuka au yenye rangi ya chai, tumia njano ya kijani, machungwa au dhahabu. Katika maji maangavu tumia nyeupe, fedha, au rangi ya perchi. Ukiwa na pakiti tatu, moja ya kung'aa, moja ya asili na moja nyeupe, umekwisha kupata zinazohitajika kwa msimu mzima. Nionavyo, mvuvi anayebadilisha rangi kila baada ya dakika kumi angefaidika zaidi kwa kubadilisha kichwa cha ndoana mara moja.

Vihifadhi vyambo katika pakiti zake vilimonunuliwa, vikiwa vimenyooka. Plastiki za aina tofauti zikichanganywa katika sanduku moja huweza kuyeyushana zikawa ute, na chambo kilicholala kimepinda kitaogelea kimepinda. Kilichopinda hunyooshwa kwa kukichovya katika maji ya moto kwa muda mfupi, kisha kukilaza juu ya meza tambarare hadi kipoe.

Hatua ya 5: Kukivika chambo kwenye ndoana

Ndoana inayotumika imeshikamana na kichwa cha risasi au tangsteni chenye umbo la mpira au la kichwa cha samaki. Katika mwongozo huu itaitwa ndoana ya kichwa. Kwa chambo cha inchi 3 tumia ndoana ya ukubwa wa 1/0 au 2/0, kwa inchi 4 tumia 3/0, na kwa inchi 5 tumia 4/0.

Weka kwanza ndoana ubavuni mwa chambo, kichwa chake kikiwa sambamba na pua ya chambo, na uangalie mahali ambapo pindo la ndoana linafika mgongoni. Hapo ndipo ncha itakapotokea, na ni vizuri upatie alama kwa ukucha. Kisha ingiza ncha katikati kabisa ya pua, isukume ndani ukiikunja plastiki taratibu kuifuata ndoana, uitoe kwenye alama, halafu usogeze chambo mbele hadi kigusane na kichwa. Ukitazama kwa juu, mshono wa mgongoni na shina la ndoana viwe mstari mmoja. Ukitazama ubavuni, pasiwe na mahali plastiki imejikunja au imevutwa. Tone dogo la gundi ya haraka nyuma ya kichwa huzuia chambo kuteleza na huongeza maisha yake maradufu.

Kabla ya kurusha mbali, kizamishe kando ya boti au gati na ukivute mbele ya macho yako. Mwili unapaswa kutikisika kidogo huku mkia ukipiga kushoto na kulia. Kikilala ubavu au kikizunguka, kivue na ukivike upya, hata kama giza linaingia na una haraka, kwa sababu chambo kinachozunguka husokota mshipi na hakuna wolai anayekifuata.

Hatua ya 6: Uzito, kina na kasi

Wolai hulala au huelea karibu na chini, na mara nyingi hutazama mbele na juu. Chambo kinachopita nusu mita juu ya sakafu ya ziwa hupita mbele ya macho yake. Kinachoburutwa kwenye tope hupita chini yake, na kinachopanda hadi katikati ya maji hupita asikione au asijisumbue kukifuata. Kazi yote ya uzito ni kukiweka chambo katika tabaka hilo huku ukikivuta kwa kasi ambayo samaki wa siku hiyo anaikubali.

Kama mahali pa kuanzia, kwa maji tulivu na chambo cha inchi 4, tumia aunsi 1/8, yaani gramu 3.5, mpaka kina cha mita 2. Aunsi 1/4, gramu 7, kwa mita 2 hadi 4. Aunsi 3/8, kama gramu 10.5, kwa mita 4 hadi 6. Na aunsi 1/2, gramu 14, kwa kina kinachozidi hapo. Katika mito yenye mkondo wenye nguvu kama Detroit, huenda ukahitaji aunsi 3/4. Hesabu hizi hubadilika kwa sababu tatu: upepo unaosukuma boti na kuvuta mshipi, unene wa mshipi wenyewe, na ukubwa wa chambo, kwa kuwa mwili mpana na mkia mkubwa huinuliwa na maji zaidi. Ukihama kutoka inchi 3 hadi inchi 5 bila kuongeza uzito, chambo kitapanda juu ya samaki nawe hutajua.

Ili kupata jawabu la mahali ulipo, fanya hivi. Rusha, acha chambo kizame huku mshipi ukiwa umenyooka kidogo, na uhesabu taratibu mpaka mshipi ulegee, ishara kwamba kimegusa chini. Tuseme umefika 8. Rusha tena mahali pale pale, na ukifika 7 anza kuzungusha rili, ncha ya fimbo ikielekea majini. Ongeza kasi mpaka uhisi mkia ukipiga kwenye ncha, kisha ipunguze mpaka mapigo yapotee, halafu ongeza kidogo tu yarudi. Hiyo ndiyo kasi ya chini kabisa ambayo chambo chako kinafanya kazi, na kwa siku nyingi za mwaka ndiyo iliyo sahihi.

Endelea kuvuta kwa kasi hiyo. Kichwa kikigusa chini mara moja au mbili katika safari nzima, uzito ni sawasawa. Kikiburuta muda wote, punguza uzito. Usikimbilie kuongeza kasi, kwani utakuwa umetatua tatizo moja kwa kuzua jingine. Kisipogusa kabisa, simama kidogo uone kinazama kwa hesabu ngapi: kikihitaji hesabu 4 kufika chini, kimekuwa kikipita juu mno, na hapo ongeza uzito daraja moja. Fanya jaribio hili kila unapohamia kina kipya. Huchukua dakika tano, nazo ni dakika zenye faida kuliko nyingine zote utakazotumia ziwani siku hiyo.

Hatua ya 7: Namna tatu za kuvuta

Namna ya kwanza, na ile ya kuanzia kila mara, ni kuvuta bila kusimama kwa kasi iliyoelezwa hapo juu. Watu huichoka upesi kwa sababu inaonekana haina ufundi, wakaanza kukitikisa chambo ambacho tayari kinajitikisa chenyewe. Kiache kifanye kazi yake.

Namna ya pili ni kuinua na kushusha. Chambo kikifika chini, inua ncha ya fimbo taratibu kwa kiasi cha nusu mita hadi mita moja, kisha ishushe ukiufuata mshipi ukiwa umenyooka, bila kuulegeza. Wolai wengi hushika wakati chambo kinaposhuka, na mshipi uliolegea hukunyima habari hiyo. Katika maji ya nyuzi 4 hadi 10 za Selsiasi, mara tu barafu inapoondoka na tena mwishoni mwa vuli, punguza mwinuo uwe wa sentimita chache tu na uache chambo kitulie chini kwa hesabu mbili au tatu.

Namna ya tatu ni ya kiangazi, maji yakiwa yamepita nyuzi 18. Badala ya kuinua taratibu, piga ncha ya fimbo juu kwa nguvu fupi, kisha acha chambo kianguke. Hapa uzito unaongezwa makusudi daraja moja au mbili ili kianguke haraka, kwani kinachotafutwa ni kumshtua samaki aliyeshiba mpaka ashike kabla hajafikiri. Njia hii huonekana ya fujo, lakini mwezi wa Julai na Agosti huamsha samaki waliokataa namna mbili za kwanza.

Kushika kwa wolai mara chache huwa kwa kishindo. Wakati mwingine ni pigo moja dogo, wakati mwingine mapigo ya mkia hukoma tu na uzito ukaingia, na mara nyingine mshipi huenda kando bila wewe kuhisi chochote. Katika namna ya kwanza, usikurupuke kwa pigo la kwanza. Endelea kuzungusha mpaka uzito ukae kwenye fimbo, kisha vuta fimbo kando kwa mwendo mmoja mrefu. Katika namna ya pili na ya tatu, vuta mara moja, kwa sababu samaki aliyeshika chambo kinachoanguka huwa ameshakifunga kinywani na atakitema akigundua ugumu wa risasi.

Ukipata mapigo bila kunasa, kiangalie chambo. Mkia uliokatwa kwa mduara mdogo ni kazi ya perchi, na uliokatwa safi kama kwa kisu ni ya paiki. Ukiwa mzima ila una mikwaruzo sehemu ya nyuma, ni wolai anayeshika bila kumeza: shuka inchi moja ya ukubwa, au punguza kasi. Yote mawili yakishindwa, jaribu kinyume chake na uongeze kasi, kwa kuwa samaki anayepewa nafasi ndefu ya kukagua chambo hupata pia nafasi ya kukikataa.

Hatua ya 8: Wapi na lini

Wolai hutaga mara baada ya barafu kuyeyuka, maji yakiwa kati ya nyuzi 6 na 10 hivi, juu ya changarawe na mawe katika mito na kingo za maziwa. Mwezi wa Machi na Aprili mito ya Maumee na Sandusky huko Ohio hujaa samaki wanaopanda kutoka Ziwa Erie, na pia wavuvi. Baada ya kutaga, samaki hubaki kwenye maji ya kina kifupi, midomoni mwa mito na katika ghuba zinazopata joto mapema, na hapo chambo cha inchi 3 chenye aunsi 1/8 hufaa sana. Kiangazi watafute kwenye ukingo wa nje wa magugu maji, juu ya miamba iliyoinuka katikati ya ziwa, na kando ya mteremko ambapo kina kifupi kinaangukia kirefu.

Vuli inastahili maelezo ya ziada, hasa kwa sababu wengi wetu hatuna boti. Maji yanapopoa kuanzia Oktoba, wolai wakubwa wa Ziwa Erie hufuata samaki wadogo hadi karibu na nchi kavu, na baada ya jua kuzama huweza kuvuliwa kutoka kwenye magati na kuta za mawe kuanzia eneo la Huron hadi Cleveland. Simama mahali penye mchanganyiko wa mawe na mchanga, rusha kwa kufuata ukuta badala ya kurusha moja kwa moja kuelekea kilindini, na uvute polepole chambo cha inchi 4 au 5. Taa ya kichwa iwe ya kufungia fundo na kumtoa samaki, usiimulike majini. Mawe hayo huteleza, na maji ya Novemba humwishia mtu nguvu za mikono katika dakika chache, kwa hiyo vaa jaketi la kuokolea maisha, na usiende peke yako.

Kwenye mto, kumbuka kwamba wolai hapendi kupigana na mkondo. Hukaa nyuma ya mawe, kwenye mpaka kati ya maji yaendayo kasi na yale yaliyotulia, na chini ya mabwawa. Rusha kuelekea juu ya mto kwa mshazari, uache mkondo ukilete chambo huku ukizungusha rili kiasi tu cha kuondoa ulegevu wa mshipi. Kikikwama kwenye mawe, usivute kwa nguvu ukiwa ulipo; tembea au peleka boti upande wa pili, nacho mara nyingi hutoka kilivyoingia.

Hatua ya 9: Kumtoa, kumrudisha au kumla

Mtoe kwa wavu wa mkono. Usimshike kwa kuingiza vidole chini ya kifuniko cha matamvua, kwa kuwa kingo zake hukata, wala kinywani, kwa kuwa ana meno. Samaki anayerudishwa majini ashikwe kwa mikono iliyolowa, ndoana itolewe kwa koleo, na asikae nje ya maji muda mrefu. Wolai waliovuliwa katika kina kinachozidi mita 9 hivi hupata madhara ya kibofu chao cha hewa kwa kupandishwa haraka, na wengi hufa hata wakiogelea vizuri mwanzoni. Ukishapata idadi unayoruhusiwa kutoka kwenye kina hicho, acha kuvua hapo au uhamie maji ya kina kifupi. Kuendelea kwa nia ya kuwaachilia ni kuwaua bila kuwala.

Nyama yake ni nyeupe, haina mafuta mengi, na hukubali kukaangwa kwa unga mwepesi vizuri sawa na kupikwa kwa nazi, pilipili na ndimu. Vipande vidogo vya mashavuni, ambavyo wengi huvitupa, ndivyo vitamu kuliko vyote. Jambo la kuzingatia ni zebaki, ambayo hujikusanya zaidi katika samaki wakubwa na wazee. Idara za afya za majimbo hutoa maelekezo ya ni mara ngapi kwa wiki au mwezi mtu anaweza kula wolai wa ziwa fulani, yakiwa makali zaidi kwa wajawazito na watoto. Kwa hiyo chukua wa wastani, wa inchi 15 hadi 18 pale kanuni zinaporuhusu, na uwarudishe majike wakubwa, ambao hubeba mayai mengi zaidi na zebaki nyingi zaidi.

Unapoondoka na boti, toa magugu yote yaliyonasa, fungua vizibo vya chini ili maji yote yatoke, na usafiri vizibo vikiwa wazi, kama sheria ya Minnesota inavyotaka, ili kome wale wasipelekwe ziwa jingine. Vyambo vilivyochanika virudi nyumbani katika mfuko wako. Havitupwi majini, kwani samaki huviokota, na plastiki iliyomezwa hukaa tumboni ikivimba.